Gari Linalia Tik-Tik Lakini Haliwaki: Lisikilize Kabla Hujalipa



Msimu wa baridi umeingia hapa Marekani, na pamoja nao umeingia ule mlio ambao kila mwenye gari la zamani anauogopa. Unatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kwenda zamu, unageuza ufunguo, na badala ya injini kunguruma unasikia tik-tik-tik-tik. Taa za dashibodi zinawaka, zinafifia, zinawaka tena. Gari haliwaki.

Kwa familia nyingi zilizohamia hapa karibuni, gari moja ndilo linalompeleka baba kiwandani, mama kwenye kazi ya jioni na mtoto kliniki. Katika miji mingi mabasi ni machache, na mengine hayaanzi kutembea mapema kiasi cha kuwahi zamu ya kwanza. Kwa hiyo gari likigoma, hofu huingia haraka, na mtu mwenye hofu hulipa haraka. Analipia gari la kuvuta, analipa gereji, anabadilishiwa stata, na wiki inayofuata mlio ni uleule, kwa sababu tatizo lilikuwa betri, au kutu tu kwenye kichwa cha betri.

Gari linalolia tik-tik linakueleza ugonjwa wake. Ukijua kulisikiliza na kuangalia taa zake, ndani ya dakika 10, bila kuwa fundi na karibu bila kifaa chochote, unaweza kutambua kama shida inaelekea kwenye betri, kwenye waya au kwenye stata. Ukishajua hilo, ndipo utoe fedha.

Kabla ya kufungua boneti, piga simu

Jambo la kwanza si la ufundi. Piga simu kazini kabla zamu haijaanza. Viwanda na maghala mengi hapa huhesabu pointi za kuchelewa na kukosa kazi, na kwa kawaida mtu asiyefika bila kupiga simu huhesabiwa vibaya zaidi kuliko aliyepiga na kusema atachelewa. Namba ya kutoa taarifa kwa kawaida imo kwenye kijitabu cha wafanyakazi. Iweke kwenye simu yako leo, usingoje siku ya matatizo. Kama Kiingereza bado ni kigumu, taja jina lako na idara yako, kisha sema: "My car won't start. I will be late." Hiyo inatosha. Andika saa uliyopiga na jina la aliyepokea.

Kinachotokea unapogeuza ufunguo

Betri ya gari la kawaida ni ya volti 12. Kazi yake kubwa ni kuizungusha injini kwa sekunde chache mpaka ishike yenyewe. Injini ikishawaka, alternata, ambayo huzungushwa na mkanda wa injini, ndiyo inayotoa umeme wa gari na kurudisha chaji kwenye betri.

Kinachoizungusha injini ni stata, mota ndogo yenye nguvu nyingi. Taa ya ndani na redio hutumia umeme kidogo sana, lakini stata ikianza kazi huvuta ampea 100 hadi 200, na wakati mwingine zaidi. Ndiyo maana gari linaweza kupiga muziki vizuri na bado likashindwa kuwaka. Ni kama bomba la maji linalotoa maji ya kunawa mikono lakini haliwezi kujaza pipa.

Umeme mwingi kiasi hicho haupitishwi kwenye swichi ya ufunguo, kwa sababu ungeiunguza. Ufunguo hutuma umeme kidogo tu kwenda kwenye solenoidi, ambayo ni swichi kubwa iliyofungwa pamoja na stata. Solenoidi ikivutwa, husukuma gia ndogo ya stata ikamate meno ya gurudumu la injini, na papo hapo huunganisha umeme mkubwa wa betri na mota.

Ule mlio wa "tik" kwa kawaida ni solenoidi ikivutwa. Kwa hiyo ukiusikia, tayari umejua jambo moja: ufunguo umefanya kazi na amri imefika. Kilichobaki ni kujua kwa nini nguvu haikufuata amri.

Sauti nne na maana zake

Tik-tik-tik ya haraka, mfululizo. Solenoidi imevutwa, stata imeomba umeme, betri imeshindwa kutoa, volti zimeanguka, na solenoidi imeachia. Ikiachia, mzigo unaondoka, volti zinapanda, nayo inavutwa tena. Mzunguko huo hurudiwa mara nyingi kwa sekunde. Mlio huu karibu kila mara ni betri isiyo na nguvu, au kichwa cha betri kilicholegea au kuliwa na kutu. Usikubali kununua stata kwa sababu ya mlio huu peke yake.

Tak! moja nzito, kisha kimya. Solenoidi imevutwa na kushika, lakini mota haizunguki. Huenda stata imechakaa, huenda waya mnene umelegea, na huenda pia ni betri. Hapa sauti peke yake haitoshi, na jaribio la taa tutakaloeleza hapa chini ndilo litakalokuonyesha njia.

Kimya kabisa. Kama taa nazo zimezima, betri imekwisha kabisa au waya umechomoka. Kama taa zinawaka vizuri, basi amri haifiki kwenye stata. Kwa gari la otomatiki, hakikisha gia iko kwenye P. Ikishindikana, kanyaga breki kwa nguvu, weka N, ujaribu tena, kwa sababu swichi inayozuia gari kuwaka likiwa kwenye gia huchakaa. Kwa gari la kubonyeza kitufe, lazima breki iwe imekanyagwa. Kama betri ndogo ya rimoti ndiyo iliyokwisha, magari mengi huwaka ukiigusisha rimoti kwenye kitufe chenyewe. Na kama kwenye dashibodi kuna taa ndogo yenye picha ya ufunguo au kufuli inayomemeteka, huenda mfumo wa kuzuia wizi haujautambua ufunguo. Jaribu ufunguo wa akiba.

Injini inazunguka kwa nguvu lakini haishiki. Hapa betri na stata zimefanya kazi yake. Tatizo liko kwenye mafuta, kwenye moto wa plagi au kwenye vifaa vinavyoviongoza. Anza kwa kuangalia geji ya mafuta. Kuazima moto kwa jirani hakutasaidia, na kuendelea kupiga stata kutamaliza betri iliyokuwa nzima.

Jaribio la taa

Bila kuwasha gari, washa taa kubwa za mbele. Elekea mahali unapoweza kuona mwanga wake ukutani, au mwombe mtu asimame mbele pembeni aangalie. Sasa geuza ufunguo kama unawasha gari, huku mkitazama taa.

Kama taa zilikuwa hafifu tangu mwanzo, betri haina chaji.

Kama taa zilikuwa kali, kisha zikafifia sana au kuzima ulipogeuza ufunguo, betri haina nguvu ya kubeba stata, au umeme unakwama kwenye kichwa cha betri. Mara chache sana, stata au injini yenyewe imekwama na kuvuta umeme wote.

Kama taa zilibaki kali bila kubadilika, na ulisikia "tak" moja, umeme upo lakini stata hauitumii. Hapo ndipo pa kushuku stata au waya unaokwenda kwenye stata.

Baadhi ya magari huzima taa kubwa yenyewe kila unapopiga stata. Kama lako liko hivyo, tumia taa ya dari ya ndani.

Mwenye kipima volti kidogo anaweza kupata uhakika zaidi, na vya bei ndogo vinapatikana katika maduka ya vipuri. Gari likiwa limelala usiku kucha, weka ncha nyekundu kwenye chanya na nyeusi kwenye hasi. Volti 12.6 maana yake betri imejaa. Volti 12.2 ni kama nusu. Chini ya 12.0 betri iko karibu tupu. Halafu mtu mwingine apige stata huku ukitazama: namba ikianguka chini ya 9.6, betri haiwezi kazi hiyo.

Angalia vichwa vya betri kwanza

Fungua boneti. Kama betri haionekani, usishangae, kwani magari mengine huiweka kwenye buti au chini ya kiti, na kitabu cha gari kitakuonyesha. Tazama vile vibano viwili vinavyoshika vichwa vya betri. Ukiona unga mweupe au wa kijani na buluu, hiyo ni kutu, nayo huzuia umeme mwingi usipite hata kama betri imejaa. Kisha shika kila kibano na kukizungusha kwa mkono. Kikicheza, umeshapata sababu inayotosha kabisa kulifanya gari lilie tik-tik.

Kusafisha ni kazi ya dakika 15. Vaa glavu na miwani, kwa sababu ndani ya betri kuna asidi. Zima gari na uondoe ufunguo. Kwa spana, mara nyingi ya milimita 10 au 8, fungua kwanza kibano cha hasi, chenye alama ya kutoa, kisha cha chanya, chenye alama ya kujumlisha. Utaratibu huo una sababu: ukianza na chanya na spana ikagusa bodi ya gari, cheche kubwa hutoka. Changanya kijiko kimoja cha bekingi soda, si bekingi poda, kwenye kikombe cha maji ya vuguvugu, umwagie penye kutu, usugue kwa brashi ya waya au mswaki wa zamani, kisha ufute na kukausha vizuri. Rudisha chanya kwanza, hasi mwisho. Kaza mpaka kibano kisicheze, lakini usikaze kupita kiasi, maana kichwa cha betri ni risasi na huharibika kirahisi.

Wengi wamefanya haya tu na gari likawaka.

Kwa nini hutokea wakati wa baridi

Betri hutoa umeme kwa mabadiliko ya kikemikali, na baridi huyapunguza kasi. Kwenye nyuzi 0 za Selsiasi, ambazo hapa huandikwa 32 za Farenhaiti, betri hupoteza karibu thuluthi moja ya nguvu yake ya kuwasha. Kwenye 18 chini ya sifuri, yaani 0 ya Farenhaiti, hupoteza zaidi ya nusu. Wakati huohuo oili ya injini inakuwa nzito, na stata inahitaji nguvu zaidi kuizungusha. Nguvu imepungua, kazi imeongezeka.

Betri nyingi huishi miaka 3 hadi 5. Joto la kiangazi ndilo huichakaza betri zaidi; baridi huja tu kutangaza msiba. Ndiyo maana betri iliyokuwa ikiwasha gari bila shida mwezi wa Agosti hushindwa mwezi wa Desemba. Tazama kibandiko juu ya betri yako: mara nyingi kina mwezi na mwaka. Kama ina miaka 4, ipeleke ikapimwe kabla theluji haijaanguka.

Jambo lingine la hapa: nyumbani tumezoea kulisukuma gari likigoma. Hilo hufanya kazi kwa gari la gia za mkono tu. Gari la otomatiki, na mengi ya hapa ni hayo, haliwaki kwa kusukumwa hata mkisukuma kumi. Kulisukuma kwenye barafu ni kutafuta kuvunjika mguu.

Kuazima moto kwa gari lingine

Hii ndiyo dawa ya kwanza ya betri isiyo na chaji, na pia ni jaribio. Gari likiwaka kwa moto wa kuazima, shida iko upande wa betri na chaji. Likiendelea kutoa "tak" moja ingawa nyaya zimeshika vizuri, shida inaelekea kwenye stata au waya wake.

Kabla ya kuanza, itazame betri. Kama imevimba, imepasuka, inavuja, inanuka kama yai bovu au imeganda, usiiguse kwa nyaya. Betri isiyo na chaji huweza kuganda kwenye baridi ya kawaida ya hapa, na betri iliyoganda inaweza kupasuka ukiitia umeme. Usivute sigara karibu, kwa sababu betri hutoa gesi inayoshika moto. Kama gari lolote kati ya hayo mawili ni la haibridi au la umeme, soma kwanza kitabu chake.

Sogezeni magari karibu bila kugusana. Yote mawili yazimwe, yawe kwenye P, breki ya mkono imevutwa, taa na feni zimezimwa. Kisha fuateni utaratibu huu bila kuruka hatua:

1. Waya mwekundu kwenye chanya ya betri isiyo na chaji.
2. Ncha ya pili ya waya mwekundu kwenye chanya ya betri nzima.
3. Waya mweusi kwenye hasi ya betri nzima.
4. Ncha ya mwisho ya waya mweusi kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililogoma, mbali na betri. Isiende kwenye hasi ya betri hiyo. Hapa ndipo cheche hutokea, na hatutaki itokee karibu na ile gesi.
5. Washa gari zima, uliache lingurume dakika 5. Kwenye baridi kali, ngoja dakika 10.
6. Jaribu kuwasha gari lililogoma, si zaidi ya sekunde 10 kwa mara moja. Likikataa, ngoja dakika 2, zungusha vibano vishike vizuri zaidi, ujaribu tena.
7. Likishawaka, toa nyaya kwa kurudi nyuma: mweusi kwenye injini, mweusi kwenye betri nzima, mwekundu kwenye betri nzima, mwekundu wa mwisho.

Ncha nyekundu na nyeusi zisigusane hata mara moja zikiwa zimeunganishwa na betri. Na msibadilishe chanya na hasi, kwani kosa hilo linaweza kuharibu vifaa vya umeme vya magari yote mawili.

Likishawaka, usilizime

Endesha angalau nusu saa. Muda huo haujazi betri iliyokwisha kabisa, lakini unaipa nguvu ya kukufikisha kwenye duka la vipuri.

Sasa kuna swali la pili: betri ilikwisha kwa nini? Kuna majibu matatu ya kawaida. Betri imezeeka na haishiki chaji. Au kuna kitu kilichokula umeme usiku: taa ya buti, mlango usiofungwa vizuri, chaja iliyoachwa, au gari lililokaa wiki kadhaa bila kutembea. Au alternata hairudishi chaji.

Alternata hujulikana kwa ishara. Taa nyekundu yenye picha ya betri ikiwaka wakati injini inafanya kazi, alternata au mkanda wake una shida. Kwa kipima volti, injini ikiwaka, namba kwa kawaida iwe kati ya 13.5 na 14.7. Ikibaki 12 na kuendelea kushuka, gari linatembea kwa betri tu na litazima njiani. Usiingie nalo barabara kuu.

Wengine tumeona mafundi nyumbani wakipima alternata kwa kuchomoa kichwa cha betri injini ikiwa inanguruma. Usifanye hivyo hapa. Magari ya sasa yana kompyuta, na volti zinazoruka ghafla zinaweza kuziunguza.

Kama ni stata kweli

Ushahidi wa stata ni huu: taa ni kali na hazifififii, vichwa vya betri ni safi na vimekazwa, moto wa kuazima haujasaidia, na unasikia "tak" moja kila unapogeuza ufunguo. Wakati mwingine stata iliyochakaa hufanya kazi asubuhi na kugoma jioni injini ikiwa ya moto.

Mafundi wa zamani huigonga stata kidogo kwa kipande cha mti huku mtu akigeuza ufunguo, na mara nyingine huzunguka. Hilo ni la kukufikisha gereji tu, na lina hatari: gari likiwaka, mkono wako uko karibu na mikanda inayozunguka. Kama hujui stata iko wapi, usijaribu. Na usiingie kamwe chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake.

Mahali pa kwenda, na maneno ya kusema

Nyumbani kazi ya fundi ni rahisi na kipuri ndicho ghali, kwa hiyo kujaribu kifaa kimoja baada ya kingine kuna maana. Hapa saa moja ya fundi mara nyingi huzidi dola 100. Kukisia ni ghali kuliko kupima.

Maduka makubwa ya vipuri kama AutoZone, O'Reilly Auto Parts na Advance Auto Parts hupima betri bila malipo, na hulazimiki kununua kitu. Ukinunua betri kwao, kwa magari mengi huifunga bila kudai zaidi. Waulize kabla ya kulipa, kwa sababu magari ambayo betri yake imefichwa huenda wakayakataa. Utaona pia kwenye risiti kiasi kidogo kilichoongezwa kwa ajili ya betri ya zamani. Hiyo ni amana: ukirudisha betri mbovu, fedha hizo zinarudi kwako. Weka risiti, kwa sababu betri mpya huuzwa na dhamana, na ikifa mapema hubadilishwa.

Kabla ya kuita gari la kuvuta, soma karatasi za bima yako. Watu wengi hulipia msaada wa barabarani kila mwezi bila kujua. Ukipiga namba hiyo, sema: "It clicks but it won't start. I need a jump start." Mara nyingi watamtuma mtu wa kuliwasha palepale, na hutahitaji kuvutwa. Namba 911 si ya betri iliyokwisha, lakini kama gari limezima mahali pa hatari kwenye barabara kuu, magari yakipita kwa kasi, piga bila kusita.

Ukifika gereji, kabla gari halijaguswa, uliza mambo manne: kupima ni bei gani, matokeo ya betri yalikuwa namba ngapi, makadirio ya gharama yote kwa maandishi, na kama utaonyeshwa kipuri kilichotolewa. Unayo haki ya kusema "asante, nitafikiria" na kuondoka. Usitie sahihi karatasi usiyoielewa. Piga simu ofisini kwetu, na mmoja wetu atazungumza na gereji kwa niaba yako wakati wa saa za kazi.

Tahadhari moja inayookoa maisha

Gari likishawaka, usiliache lipate joto ndani ya gereji ya nyumba, hata mlango ukiwa wazi. Moshi wake una gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi, na huingia ndani ya nyumba na kuua watu wakiwa usingizini. Kama theluji imeanguka, futa kwanza theluji iliyoziba bomba la moshi nyuma ya gari kabla ya kuwasha, hasa kama watoto wameketi ndani.

Vitu vya kuwa navyo

Nyaya za kuazima moto, ambazo mafundi huziita jampa, nene na zenye urefu wa kutosha. Glavu, tochi na blanketi. Spana inayoingia kwenye vibano vya betri yako. Karatasi yenye namba za simu za kazini, za bima na za jirani mwenye gari. Anayeweza kuongeza fedha kidogo anunue betri ndogo ya kuwashia gari, ile ya kubeba mkononi, na kuichaji ndani ya nyumba. Kwa hiyo hutahitaji kumwamsha mtu saa kumi na moja.

Na kama una jirani aliyefika mwezi huu, mwonyeshe jaribio la taa hata kabla gari lake halijagoma. Kata kurasa hizi, uziweke pamoja na kitabu cha gari.